Chupa Tatu kwa Mjamzito Mmoja

Nianze kwa kujisifu kidogo, maana hakuna mtu atakayenisaidia kazi hiyo. Katika ukoo wetu wote, mtu asiyeweza kudanganywa na dawa ya chupa isiyo na maandishi ni mmoja tu. Ni mimi. Nimemaliza sekondari. Baiolojia nilifaulu vizuri. Kitu kisicho na lebo hakijawahi kupita kwenye koo hili.

Nyumbani wananiita Msomi. Wakifurahi wananiita hivyo kunisifu. Wakikasirika wananiita hivyo hivyo, na hapo mimi hutafuta mlango.

Sisi ni watu wa cherehani. Chumba cha mbele ni cha kushonea, vyumba vya nyuma ni vya kulala. Kaka yangu ndiye fundi. Anashona sare za shule. Mama anapiga pindo. Shangazi, dada wa marehemu baba, huja kila siku kutusaidia kushona vifungo na kutusaidia kuongea. Mimi napiga pasi na kupeleka mizigo kwa wateja. Shemeji, mke wa kaka, ndiye aliyekuwa akitoboa matundu ya vifungo, mpaka tumbo lake likaanza kufika mezani kabla ya mikono.

Mimba ile ilikuwa ya kwanza. Mtoto angekuwa mjukuu wa kwanza wa Mama. Kwa hiyo nyumba nzima ilishikwa na wazimu.

Kaka alikuwa anampima mkewe tumbo kila Jumamosi kwa tepu ya kazini. Vipimo aliviandika ukutani kwa chaki, chini ya vipimo vya wateja.

"Umeongezeka inchi moja," alimwambia Jumamosi moja.

"Mimi ni mkeo au ni kitambaa?" Shemeji akauliza. "Pima na lako. Nalo linaongezeka kila wiki, na wala halina mtoto."

Ndivyo tulivyokuwa tunaishi. Kazi, chai, maneno, kazi.

Mimba ilipofika miezi saba, shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Mashati yalijaa mpaka kwenye viti. Wiki hiyo kidevu changu kilikuwa chekundu na kinawasha. Ulikuwa wembe mbovu. Tusipoteze muda hapo.

Jumanne, kabla ya chai ya saa nne, nilimwona Shemeji ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Nikamtania kama kawaida yangu.

"Shemeji, hiyo meza haikimbii. Iachie."

Hakucheka. Shemeji hucheka hata nikikosea. Hapo nikaweka pasi pembeni.

"Tumbo linakaza," alisema polepole. "Linakaza, linaachia. Halafu linakaza tena. Tangu asubuhi."

Mama alisimama. Shangazi alisimama. Kaka naye alisimama, lakini alikuwa na pini sita mdomoni.

"Mmm! Mmmm-mm!" alisema.

"Toa pini kwanza," Shangazi akamkemea. "Ukizimeza tutakuwa na wagonjwa wawili."

Kaka akazitema mkononi. "Bado wiki kumi! Miezi saba si wakati wake!"

"Tulia, mwanangu," Mama akamwambia Shemeji. "Nina kitu hapa kitakusaidia." Akavuta droo ya cherehani yake.

"Hapana, wifi, acha," Shangazi akasema. "Mimi ndiye nina kitu." Akafungua mkoba wake.

Kaka naye hakungoja. Alikwenda kwenye majora ya vitambaa, akaingiza mkono nyuma ya jora la bluu.

Wote watatu wakageuka kwa wakati mmoja. Kila mmoja alikuwa ameshika chupa. Chupa zilifanana. Maji ya kahawia yaliyokuwa ndani yalifanana. Hata kile kitambaa chekundu kilichofungwa mdomoni mwa chupa kilikuwa kile kile.

Wakatazamana kama wezi watatu waliokutana kwenye dirisha moja.

Wakati huo huo mlango ukafunguliwa. Aliingia Dada Daftari, mhudumu wa afya wa mtaa wetu. Tunamwita hivyo kwa sababu ya lile daftari lake kubwa. Ameandika humo kila mjamzito na kila mtoto mchanga wa mtaa. Siku hiyo alikuja kuchukua sketi yake iliyokuwa inapunguzwa kiuno.

"Hodi. Sketi yangu tay..." Akamwona Shemeji. Akaziona chupa. Sketi akaisahau. "Hiyo ni nini, na nani anakunywa?"

Chupa tatu zikafichwa migongoni.

"Ni ya kulainisha njia," Mama akasema. "Nampa asubuhi."

"Ni ya kumpa mtoto nguvu," Kaka akasema. "Nampa mchana."

"Ni ya kuharakisha uchungu siku ikifika," Shangazi akasema. "Nampa jioni."

"Kwani siku imefika?"

"Haijafika. Nilikuwa namzoesha."

Dada Daftari akamgeukia Shemeji. "Na wewe umezinywa zote?"

Machozi yakamtoka Shemeji. "Mama aliniambia nisimwambie mtu, tusije tukachekwa. Mume wangu akaniambia nisimwambie Mama, atadhani hatumwamini. Shangazi akaniambia nisimwambie mtu yeyote, kwa sababu watu wana macho mabaya. Ningemkataa nani? Wote wananipenda."

"Kwa hiyo anapendwa mara tatu kwa siku," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Nakiri, haikuwa saa yake.

Dada Daftari alimketisha Shemeji, akamuuliza maswali haraka haraka. "Umeona damu? Maji yamekutoka? Kichwa kinauma sana? Macho yanaona ukungu?"

"Hapana."

"Mtoto anacheza?"

Shemeji akakawia kujibu. "Jana alicheza sana. Leo kidogo. Kidogo sana."

Hata mimi niliishiwa maneno, jambo ambalo Mama anasema hajawahi kuliona tangu nizaliwe. Kaka aliitazama ile chupa mkononi mwake kama imemng'ata.

"Tunakwenda kituo cha afya sasa hivi," Dada Daftari akasema. "Si baada ya chai. Sasa. Chupa tunazibeba zote. Na kadi ya kliniki iko wapi?"

Kadi ya kliniki! Tuliitafuta chini ya mito, kabatini, nyuma ya redio. Mwisho ilionekana mezani chini ya mkasi, imezungushiwa chaki pembeni. Kaka alikuwa anaitumia kama kipimo cha kukatia mifuko ya mashati.

"Kipimo chake ni kizuri," alijitetea kwa sauti ndogo. "Mfuko unatoka sawasawa."

"Chupa tuziache," Mama akanong'ona. "Watatucheka, mwenzangu."

"Wacheke, Mama," Dada Daftari akajibu. "Mkunga akijua mgonjwa amekunywa nini, anajua pa kuanzia. Mkimficha, anatibu huku amefumba macho. Sasa, nani anajua aliyewauzia anakaa wapi? Tunataka kujua humu ndani kuna nini."

Wakatazamana. Muuzaji alikuwa Bibi Chupa, mwanamke mzee anayepita milangoni kila Jumatano na kikapu chake. Anakokaa hawakukujua.

"Niachieni mimi," nikasema.

Jirani yetu mwoka mikate alitoa gari lake. Shemeji aliketi mbele na dereva. Kaka, Mama, Shangazi na Dada Daftari walijibana nyuma, katikati ya trei tupu. Mimi nikaenda upande wangu kwa miguu.

Dakika kumi hazikupita, nilikuwa nimeshafika kwa Bibi Chupa. Unapita nyuma ya mashine ya kusaga, unatafuta geti la bluu. Kengele yake ni mbovu, kwa hiyo unagonga kwa lile jiwe lililowekwa pembeni. Mtu akiwa na akili ya upelelezi, haulizi njia.

Bibi Chupa alikuwa amekaa uani, anakwangua mizizi kwa kisu. Aliponiona akatabasamu.

"Karibu, mwanangu. Mbona umerudi map..."

"Nimekuja kwa ajili ya mjamzito!" nikamkatiza. "Wa nyumba ya cherehani. Umewauzia dawa watu watatu."

"Ndiyo, watatu. Nilidhani mna wajawazito watatu. Nikasema, nyumba ile imebarikiwa."

"Mjamzito ni mmoja. Amekunywa za wote. Ana miezi saba, na tumbo linakaza."

Kisu kikamponyoka. "Nilisema kijiko kimoja! Nilisema mwezi wa tisa! Kila mmoja nilimwambia!"

"Kila mmoja alisikia alichotaka, Bibi. Ndani mna nini?"

Hakubishana. Alichukua mizizi mibichi ya kila aina, akaifunga kwenye khanga yake, akavaa viatu. "Twende. Nikaseme mwenyewe. Maneno yangu wewe utayachanganya."

Tulimkuta mkunga wa kituo cha afya akiwa kazini. Ni mwembamba kama sindano, lakini sauti yake ni ya watu wawili. Shemeji alikuwa amelala ubavu kitandani. Mkunga aliweka kifaa cha kusikilizia tumboni, kile chenye umbo la faneli. Akaweka sikio. Akasikiliza.

Kaka hakupumua. Nilimtazama, nikaanza kumpumulia mimi.

Mkunga akahamisha kifaa. Akasikiliza tena. Mama alikuwa ameshika kitasa cha mlango kwa nguvu kana kwamba mlango ndio unaoumwa.

"Yupo," mkunga akasema. "Moyo unapiga vizuri."

Mama akaketi sakafuni pale pale.

"Lakini msishangilie bado," mkunga akaendelea. "Mji wa mimba unakaza kabla ya wakati. Mlango wake bado umefungwa, na hiyo ni bahati. Atalala hapa. Nitampa dawa, nitamwangalia saa kwa saa. Mtoto akitoka leo, mapafu yake hayajakomaa. Atapata shida kupumua. Tunataka akae humo humo."

Bibi Chupa akafungua khanga, akataja mizizi yake mmoja mmoja, pamoja na kiasi anachochemsha. Mkunga aliandika yote. Hakumkaripia. Alinyanyua mzizi mmoja.

"Huu unakaza mji wa mimba. Wanawake wengi huletwa hapa baada ya kuunywa. Nikiuliza wamekunywa kiasi gani, hakuna anayejua."

"Hata mimi sijui," Bibi Chupa akakubali. "Mzizi uliochimbwa wakati wa mvua na uliochimbwa kiangazi haina nguvu moja. Huwa nakisia."

"Ahsante kwa kusema kweli. Kidonge cha hospitali kimepimwa. Najua nguvu yake, najua kinamfaa nani na kwa kiasi gani. Mzizi haukuambii nguvu yake. Na mwili wa mjamzito si mahali pa kukisia."

Shangazi hakuweza kuvumilia. "Lakini mkunga, ni mizizi tu! Imeumbwa. Haina sumu ya kiwandani."

"Pilipili nayo imeumbwa, Shangazi. Chukua moja ujipake machoni."

Shangazi akafikiri kidogo, kisha akafunga mkoba wake.

"Mimi mwenyewe nilizinywa," Mama akasema kwa unyonge. "Nilizinywa nikiwa na mimba ya huyu." Akaninyooshea kidole.

Watu wote wakageuka kunitazama. Mkunga alinitazama kwa muda mrefu, kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Enhe," alisema.

Sikupenda jinsi alivyolisema.

"Wapo wanaokunywa wakasalimika," akaendelea. "Hao mnawaona mtaani, mnasema dawa ni nzuri. Ambao mimba zao ziliharibika hawasimuliwi. Mimi ndiye niliyewapokea."

Kisha akamgeukia Kaka. "Wewe ni fundi cherehani, si ndiyo? Ukikata kitambaa vibaya, unafanyaje?"

"Kimeharibika. Huwezi kurudisha."

"Na ukikosea kushona?"

"Hapo nafumua, ingawa kitambaa kinaumia."

"Basi nisikilize. Miezi mitatu ya kwanza ndipo mtoto anapokatwa. Moyo, ubongo, mikono, miguu, vyote vinapata umbo wakati huo. Mama akila au kunywa kitu kibaya, kinaweza kupita kwenye damu hadi kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Mkasi ukikosea hapo, hakuna wa kurudisha. Miezi inayofuata anashonwa. Anakua, anaongezeka uzito. Hapo napo dawa isiyojulikana inaweza kumdhuru, au kumtoa kabla hajakamilika. Je, wewe unampa mteja shati lisilo na mikono?"

"Kamwe," Kaka akajibu. "Nilitaka awe na nguvu tu."

"Najua. Wote mlimpenda. Ila mlimpenda kwa siri, kila mtu na chupa yake. Kuanzia leo, kabla mjamzito hajameza dawa yoyote, iwe ya mizizi, ya majani au ya vidonge vya dukani, mtuulize kwanza. Chakula cha kawaida ale, tangawizi kidogo kwenye chai haina neno. Tunachokataa ni dawa iliyochemshwa ikawa kali, isiyo na kipimo. Na vile vidonge vya kuongeza damu tulivyompa, anameza?"

Shemeji akainamisha macho. "Shangazi alisema vitagombana na ile dawa yake. Nikaviacha."

Sote tukamtazama Shangazi. Shangazi akatazama dari.

Saa kumi jioni tumbo lilianza kuachia. Kesho yake asubuhi Shemeji alimshika Kaka mkono, akauweka tumboni.

"Anacheza," alisema.

"Anacheza," Kaka akarudia. Akatoa tepu mfukoni, akalia nayo machoni. Ndiyo leso aliyokuwa nayo.

Shemeji alilala pale siku mbili, kisha akaruhusiwa kurudi nyumbani. Mambo yakabadilika. Kwanza, Shemeji alijifunza neno jipya: hapana. Alilitumia kwa wiki nzima, hata mahali pasipohitajika. Nilimwomba anipitishie chumvi, akasema hapana. Mama alimwaga chupa zote tatu chooni. Kaka alishona mfuko wa kitambaa kizito wenye kifungo, akautundika ukutani karibu na cherehani. Humo ndimo kadi ya kliniki ilimokaa, pamoja na vidonge vya kuongeza damu. Juu ya mfuko Shangazi aliandika kwa chaki, kwa herufi kubwa: ULIZA KLINIKI KWANZA. Aliandika kwa mkono wake mwenyewe, na aliwasimamia wengine kuliko askari. Siku moja Shemeji alitafuna karafuu moja tu, Shangazi akamuuliza kama ameomba ruhusa.

Mtoto alizaliwa wiki tisa baadaye, pale pale kituoni, mchana kweupe. Msichana. Kilo tatu na gramu mia mbili. Sauti yake ilizishinda cherehani zetu zote zikiwa zinafanya kazi. Kaka alimpima urefu kwa tepu, akauandika ukutani, akachora duara kuuzunguka.

Wiki ya sita tulimpeleka mtoto kliniki kupimwa uzito na kupata chanjo. Tulikwenda wote, isipokuwa Kaka aliyebaki na wateja. Mabenchi yalijaa kina mama na wajawazito. Foleni ilikuwa ndefu. Nilikuwa nimembeba mtoto, na watu walikuwa wamechoka kusubiri. Nikaona niwasaidie kwa elimu kidogo.

"Kina mama," nikaanza, "mnamwona mtoto huyu? Nusura tumkose, kwa sababu ya dawa za chupa. Na ni mimi niliyemtafuta yule muuzaji ndani ya dakika kumi, hadi geti lake la bluu na lile jiwe la kugongea. Bila kuuliza njia! Wenzangu nyumbani walidanganyika. Siwalaumu, hawakusoma baiolojia. Lakini niangalieni mimi. Tangu nizaliwe, sijawahi..."

"Mwanangu," sauti ikaita kutoka benchi la nyuma.

Nikaijua ile sauti. Sikugeuka.

Alikuwa Bibi Chupa. Ameketi na msichana mmoja mwenye mimba changa. Siku hizi mteja wake akiwa mjamzito hamuuzii kitu. Anamshika mkono, anamleta kliniki. Kina mama wengi pale wanamfahamu na wanamheshimu kwa hilo.

"Mwanangu," akarudia, kwa upole kabisa, "zile ndevu zilitoka?"

Benchi zima likanigeukia.

"Ndevu gani, Bibi?" Shemeji akauliza. Alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Ameshafika kwangu mara tatu huyu. Alichukua chupa mbili za kuotesha ndevu. Moja ya kupaka asubuhi, nyingine ya kunywa jioni. Nikamwambia kijiko kimoja. Kesho yake akarudi kidevu kimevimba, anataka iliyo kali zaidi."

"Kumbe!" Mama akapiga makofi. "Kumbe ndiyo maana alilijua geti la bluu!"

"Na lile jiwe la kugongea," Shangazi akaongeza.

"Ulikuwa wembe," nikasema.

"Msomi," mkunga akaniita kutoka kwenye mizani, kwa ile sauti yake ya watu wawili, "ukimaliza somo, pita chumba cha tatu. Nikuulize umekunywa vijiko vingapi."

Kina mama wakaangua kicheko mpaka watoto wakaamka. Nilitaka kujitetea, lakini mtoto niliyembeba alinyoosha mkono wake mdogo, akanishika kidevu. Akakipapasa pole pole, huku na huku, akitafuta kitu cha kushika. Hakukiona.